Njia ya Baiskeli ya Kwenda Ukweni

Marcellin alizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Kasongo, mtoto wa tatu wa wakulima waliosema Kizimba nyumbani na Kiswahili sokoni. Alisoma kwa mapadri miaka minne, akajua kuandika, kupiga hesabu na kuitikia misa kwa Kilatini ambacho hakuelewa hata neno moja. Alipotoka huko, kampuni ya pamba ilikuwa ikitafuta vijana wa kuzunguka vijijini na kuangalia kama kila mwanaume amelima kipande chake cha pamba, kwa kipimo cha wazungu na kwa tarehe ya wazungu. Mwenye kazi hiyo aliitwa monitere. Watu waliichukia kazi na waliwachukia wenye kuifanya, tusifichane. Lakini ilikuja na baiskeli.

Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye kengele na kibebeo cha chuma nyuma. Wiki ya kwanza Marcellin aliangukia mtaroni mara nane, akachunika magoti yote mawili, na kila alipoinuka alikuwa akicheka peke yake kama mwendawazimu. Wiki ya pili alikuwa anateremka mlima bila kugusa breki. Wenzake waliichukulia baiskeli kama mzigo wa kazi, wakaiegemeza ukutani siku ya mapumziko. Yeye siku hiyo ndipo alipoifuta, akaipaka mafuta ya mawese kwenye mnyororo, akatoka kwenda popote.

Njia kuu ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu uliomwagiwa changarawe. Changarawe yenyewe ilichimbwa vilimani na watu wa vijiji, kila kijiji na kipande chake cha njia, wanawake wakiibeba kwa vikapu kichwani bila mtu kuwauliza kama wana nafasi. Ikiwa mpya ilikuwa balaa kwa mwenye baiskeli. Vijiwe viliviringika chini ya gurudumu, na mtu akijitia ujuzi alijikuta amelala kifudifudi na mdomo umejaa vumbi. Kwa hiyo Marcellin alizitafuta njia nyingine, zile za wachuuzi wa chumvi na samaki wa Nyangwe, zinazopita juu ya migongo ya milima. Huko mvua ilikuwa imeshachukua udongo miaka mingi, ikabakiza vijiwe vidogo vilivyoshikana, vigumu, vikavu hata mwezi wa masika. Aliziita njia za changarawe ya Mungu. Nyingine ile, alisema, ni changarawe ya serikali.

Alizichora katika daftari la shule. Mstari mmoja kwa njia, nukta kwa kijito, na maneno mafupi pembeni: hapa sukuma, hapa mchanga, hapa achia. Neno "achia", yaani achia breki, aliliandika kwa herufi kubwa.

Njia bora kuliko zote ilikuwa ile iliyoachana na njia kuu upande wa Wamaza, ikapanda polepole, ikafuata mgongo mrefu wa mlima karibu nusu asubuhi nzima, majani mafupi kulia na kushoto, upepo usoni, halafu ikateremka mpaka kijijini kwa kina Safi. Safi alikuwa mke wake. Alimpata kwa sababu ya njia hiyo, maana siku ya kwanza aliyoipita alifika pale na kiu, na msichana aliyempa maji alimcheka jinsi alivyojaa vumbi hadi kwenye kope. Walioana mwaka uliofuata, wakakaa Kasongo, wakapata mtoto mmoja, Véronique. Wazazi wa Safi walikuwa Wabangubangu. Baba alishakufa; aliyebaki kijijini ni mama yake, ambaye wote walimwita Mama Safi, na kaka yake mdogo, Heri, kijana mpole mwenye mikono mikubwa.

Sasa vita vya wazungu vilianza huko kwao, na mwaka wa 1943 vita hivyo vilikuwa vimefika hadi shingoni mwa watu wa Kabambare ambao hawakujua hata vinapiganwa wapi. Pamba iliongezwa. Mpira ukaongezwa, wanaume wakatumwa porini kuugema wiki baada ya wiki, na mpira wote ukaondoka, mpaka monitere kama Marcellin wakawa wanashindilia majani makavu ndani ya matairi yao yaliyochakaa. Mashamba ya chakula yalibaki kwa ajili ya muda uliobaki, na muda haukubaki. Watoto wakaanza kuvimba matumbo. Njaa ile ilikuwa ya kutengenezwa na watu, na inanitia hasira mpaka leo nikiisimulia.

Mama Safi hakuwa mtu wa kungoja kufa. Yeye na Heri walifyeka shamba la siri bondeni, nyuma ya msitu mwembamba wa kijito, mahali ambapo hapakuwa na njia ya baiskeli wala ya machela. Wakapanda karanga, mahindi na mihogo. Shamba hilo lililisha nyumba nne. Ili walihudumie, kipande cha pamba cha Heri kiliachwa kikaliwa na magugu, na adhabu ya kuacha pamba kila mtu aliijua: fimbo mbele ya kijiji, kisha kambi ya wafungwa.

Marcellin alijua yote. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kukagua upande huo, na kila mwezi aliandika kwenye karatasi za kampuni kwamba pamba ya Heri inaendelea vizuri. Aliandika huku jasho likimtoka kwapani, lakini aliandika. Mpeni haki yake kwa hilo.

Mwaka huohuo akaja agronomi mpya wa kampuni, yaani mtaalamu wa kilimo, Mbelgiji mrefu mwenye kaptura fupi na mapaja ya mtu anayekimbia. Watu walimpa jina siku ileile: Bwana Miguu. Petroli yote ilikuwa imekwenda vitani, gari la kampuni likageuka nyumba ya kuku, na wazungu wengine walibebwa kwa machela wakinung'unika. Bwana Miguu yeye alipanda baiskeli, tena kwa furaha. Kwao, alimwambia Marcellin kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe, vijana wote wanashindana kwa baiskeli juu ya njia za mawe, mvua au jua, na yeye aliwahi kushika nafasi ya tatu. Sasa kwao kumejaa Wajerumani na hapati barua. Aliposema hivyo aligeuza uso, na Marcellin alimwonea huruma.

Basi wakaanza kwenda pamoja kila Jumapili baada ya misa. Si kazi, kutembea tu. Marcellin alimwonyesha njia ya kuelekea Nyangwe, njia ya vilima vya nyuma ya mapadri, njia ya kijito cha mawe meupe. Mzungu alipumua kwa nguvu mlimani, akapiga kelele kwenye mteremko, na akifika chini alimpiga Marcellin begani na kusema, akiiita baiskeli kinga kama wenyeji, "Wewe iko mutu ya kinga kweli!" Hakuna mzungu aliyewahi kumwambia Marcellin kwamba yeye ni mtu wa chochote. Alirudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi moja Bwana Miguu aliomba kuliona lile daftari. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa, akacheka kwa raha, kisha akaweka kidole juu ya mstari mrefu kuliko yote.

"Hii, 'achia' nyingi hivi, iko wapi? Mbona hii hatujaenda?"

Marcellin alisema ni mbali. Mzungu akasema watalala Wamaza usiku huohuo. Marcellin akasema ina miiba. Mzungu akacheka, akamwambia mtu hafichi njia nzuri hivyo kwa rafiki yake. Neno lile "rafiki" likamlainisha. Na tuseme ukweli wote: alitaka ionekane. Miaka sita alikuwa anaipita njia ile peke yake, hana mtu wa kumwambia tazama.

Safi alipokuwa akimfungia mihogo ya safari aliuliza wanaelekea wapi, na alipojibiwa akaiweka mihogo chini.

"Baba Véronique, ile njia ya kwetu usimupitishe muzungu. Nakuomba."

"Tutapita juu tu. Kule juu haone kitu, iko majani matupu. Shamba iko chini kabisa, nyuma ya msitu."

"Basi tuma mutu aende kumuambia mama asitoke."

"Nani atafika mbele ya kinga? Tutapita mbio, hatutasimama. Usiogope bure."

Safi aliifunga mihogo upya, akaenda kumbeba mtoto.

Walilala Wamaza, na Jumapili alfajiri waliiacha njia kuu na kuanza kupanda. Ilikuwa asubuhi safi, mvua ilikuwa imenyesha usiku na vijiwe vilikuwa vimeoshwa. Nisiwafiche, ilikuwa safari nzuri. Juu ya mgongo wa mlima matairi yaliimba juu ya changarawe ngumu, upepo ukawa nyuma yao, na kwa muda wa saa nzima Marcellin hakukumbuka pamba, wala vita, wala shamba. Mzungu alikuwa mbele akiinua mkono mmoja hewani kama mtoto. Halafu tairi lake la nyuma likapiga jiwe la ncha na kutoa pumzi yote.

Walisimama mahali pabaya kuliko pote. Upande wa kushoto mlima uliteremka mpaka kwenye ule msitu mwembamba, na nyuma ya msitu ndipo shamba lilipokuwa. Bwana Miguu alikuwa na gundi na viraka, lakini ili kuona tundu ni lazima mpira wa ndani uchovywe majini. Alishika kopo, akaangalia bondeni. Marcellin alimpokonya kopo karibu kwa nguvu.

"Bwana, kaa hapa upumzike. Maji nitaleta mimi."

Aliteremka mbio, akachota maji kijitoni, akaanza kupanda. Katikati ya mlima vijia vilikuwa viwili: kimoja kilizunguka mlima kwa chini mpaka kijijini, kingine kilipanda moja kwa moja juu. Alikuwa karibu kufika penye njia panda hiyo aliposikia kikohozi, akainua macho. Mama Safi alikuwa ametokea ng'ambo ya majani, kikapu cha karanga mbichi na mahindi kichwani, anaelekea nyumbani. Alichagua Jumapili kwa kuwa Jumapili monitere wote wako kanisani.

Kwa watu wa kule mwanaume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawatajani majina. Wakikutana njiani kila mmoja anampisha mwenzake: mwanaume anaingia majanini, anageuza mgongo na kuchuchumaa hadi nyayo zipite. Kufanya kinyume ni matusi makubwa kuliko kumvua mtu nguo sokoni. Katika miaka sita Marcellin hakuwahi kumwona yule mama isipokuwa mgongo na kisigino, na alijivunia hilo, kwa sababu watu wa kijijini walimsifu: Mzimba huyu amelelewa.

Basi akafanya alivyofundishwa. Aliingia majanini, akageuza mgongo, akachuchumaa na kopo lake la maji. Na Mama Safi naye akafanya alivyofundishwa. Mkwe wake alikuwa upande wa kijia cha chini. Yeye, kwa heshima, akamwachia kijia hicho na kushika kile cha juu.

Marcellin alizisikia nyayo zikipanda. Alijua juu kuna nani. Alikuwa na muda wa kutosha kusali Salamu Maria moja nzima, na neno moja tu lingetosha: rudi. Hakulisema. Baadaye alijiambia ni heshima iliyomfunga mdomo, na heshima ilikuwepo kweli. Lakini mzungu naye angesikia sauti hiyo, angeuliza umemwambia rudi nani na kwa nini, na mwisho wa maswali hayo ilikuwa karatasi za uongo za kila mwezi na baiskeli kunyang'anywa. Hilo pia lilikuwepo pale majanini. Mimi siwezi kupima lipi lilikuwa zito zaidi, na yeye hakuweza.

Alipofika juu aliwakuta wamekaa. Mama Safi alikuwa ameitambua baiskeli ya mkwe wake, akaelewa kwamba mzungu huyu ni mgeni wake, na mgeni wa mkwe hapitwi mikono mitupu. Alimmiminia karanga kwenye kofia. Alipomwona Marcellin anatokea alijifunika uso kwa kitambaa, akainua kikapu na kuondoka haraka. Bwana Miguu alikuwa anatafuna na kutabasamu. Kisha akachukua karanga moja, akaifuta udongo kwa kidole gumba, akautazama udongo huo kwa muda.

"Hii mweusi," alisema. "Huku juu yote iko nyekundu. Shamba iko wapi, Marcellin?"

"Sijui, bwana."

Udongo ndiyo kazi aliyosomea yule mzungu. Alisimama, akaangalia alama za miguu ya yule mama, nyeusi juu ya vijiwe vyekundu, akazifuata kuteremka. Alirudi baada ya muda, hajakasirika, hajapaza sauti. Aliuchovya mpira kwenye kopo, akaona mapovu, akabandika kiraka. Kisha akatoa kitabu chake kidogo mfukoni na kuandika.

"Kazi ni kazi," alisema tu. Halafu akamuuliza kama mteremko wa mbele uko mrefu.

Askari walifika kijijini siku ya Jumanne, na Marcellin akaamriwa awepo. Karanga ziling'olewa, mihogo ikang'olewa ikiwa haijafika unene wa dole gumba, na mahindi yakakatwa kwa panga na wenyewe walioyapanda, hii ndiyo ilikuwa amri. Heri akalazwa kifudifudi mbele ya nyumba ya chifu, akapigwa fimbo nane. Hakulia. Marcellin alikuwa amepewa kushika baiskeli zote mbili, yake na ya mzungu, kila moja kwa mkono wake, na alizishika mpaka mwisho. Kisha Heri akafungwa kamba na wenzake watatu, wakapelekwa miezi miwili kwenye kambi ya wafungwa kando ya njia kuu, kuvunja mawe na kumwaga changarawe.

Jumapili iliyofuata Bwana Miguu alifika nyumbani kwa Marcellin Kasongo, amenyoa, amepaka mafuta mnyororo. Karatasi za uongo hakuzitaja; alipiga kengele mlangoni.

"Leo twende njia gani?"

Safi alikuwa ndani na alisikia. Marcellin alitoa baiskeli yake, akaenda naye. Angefanyaje? Hivyo ndivyo alivyojiuliza alipokuwa anapanda, na hivyo ndivyo alivyojibu kila aliyemuuliza katika maisha yake yote. Aliporudi jioni Safi alimwekea chakula, akaenda kukaa nje na mtoto.

Mara mbili Marcellin alipita kwenye kambi ile. Mara ya kwanza alimpa mlinzi tumbaku ili Heri apate chumvi. Mara ya pili Heri alikuwa kwenye mstari wa wanaobeba vikapu, amekonda, midomo imepasuka. Alimtambua shemeji yake, akasogea pembeni ili baiskeli ipite mahali ambapo changarawe imeshashindiliwa. Marcellin alipita, na kwa mara ya kwanza tangu apewe baiskeli alilia akiwa juu yake.

Heri hakumaliza miezi yake miwili. Kuhara damu kuliingia kambini, na chakula chenyewe kilikuwa ugali wa unga mchungu. Watu saba walikufa wiki moja, Heri mmoja wao. Alfajiri moja habari ililetwa Kasongo na mchuuzi wa samaki. Safi aliondoka alfajiri hiyohiyo kwa miguu, mtoto mgongoni, hakungoja. Marcellin aliomba ruhusa, akaipata kesho yake, akanunua sanda na chumvi, akafunga kwenye kibebeo, akalala njiani usiku mmoja. Penye njia ya kwenda ukweni alisita. Njia kuu ingemchelewesha hadi jioni, na maiti haingoji. Akapanda ile ya mgongo wa mlima.

Alifika mchana, watu wamejaa uwanjani, kilio kimeshakauka kwenye koo zao. Baiskeli iliposikika wanawake walifanya kama desturi: walichukua kitambaa wakakinyoosha mbele ya Mama Safi, mama mfiwa afichwe, mkwe apite. Marcellin naye akainamisha kichwa, akageuka upande.

Mama Safi alikishika kitambaa kile kwa mkono na kukishusha. Wanawake walijaribu kumzuia. Aliwasukuma, akainuka, akavuka uwanja mzima akiwa wazi uso, akaja kusimama mbele ya Marcellin, karibu kabisa, mpaka mkwe akalazimika kuinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso kwa uso. Alikuwa na macho ya Safi.

"Marcellin," alisema, jina tupu, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anavyomsalimu mpita njia. "Umefika. Njia ilikuwa muzuri?"

Safi alikuwa amekaa chini kati ya wanawake, mtoto mapajani, naye hakusimama wala hakuficha macho.

"Ndiyo, mama," Marcellin alijibu. "Ilikuwa muzuri."

Mama Safi alitikisa kichwa taratibu. Kisha akageuka kwa wanawake wake.

"Huyu ni mugeni," aliwaambia. "Mumuletee kiti."